Alipobadili lugha, maiki ilikuwa bado ukosini

Shangazi, salamu nyingi kutoka Jinja.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha Kampala. Kazi yetu ya kumalizia masomo ni filamu ya hali halisi ya dakika 20, na kundi letu lina watu wanne. Tulichagua nyumba moja ya zamani hapa Jinja, kwenye Main Street. Sitasema ni ipi. Ni zile nyumba za Wahindi za miaka ya 1920: duka mbele, familia nyuma, ghala uani, baraza yenye nguzo ambayo mvua ikinyesha mji mzima hujibanza hapo. Jina la mwenyewe na mwaka wa kujenga vimefinyangwa kwa saruji juu kabisa ya ukuta wa mbele. Jina limepakwa rangi ya matangazo mara kadhaa, lakini ukisimama ng'ambo ya barabara wakati jua linapiga kwa ubavu, herufi bado zinasomeka.

Kazi yangu ni sauti. Mimi ndiye mwenye hedifoni na maiki. Nilikuwa pia mwenyeji wa kundi, maana nimekulia Walukuba, kwenye zile nyumba za wafanyakazi ambako kila mlango una kabila lake, ndiyo maana nyumbani tulikua na Kiswahili. Mama yangu ni Msoga, kabila la wenyeji wa huku Jinja. Lishike hilo la mama, ndilo lililoniletea haya.

Shahidi wetu mkuu ni mzee mmoja, fundi cherehani. Alianza kushona kwenye baraza ya nyumba ile akiwa kijana, kabla ya Uhuru. Mhindi anauza vitambaa ndani, mafundi nje wanapima, wanakata, wanashona. Siku hizi hashoni, macho yamekwisha, lakini kila asubuhi mjukuu wake humleta kwa boda anakaa palepale. Miguuni pake, kwenye sakafu ya baraza, kuna vishimo vinane vya mviringo, ukubwa wa sarafu. Ndipo zilipokuwa zikisimama cherehani mbili za miguu, mwaka baada ya mwaka, mpaka chuma kikaila saruji. Mpiga kamera wetu alilala kifudifudi nusu saa nzima akivipiga picha.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya mwisho ya kurekodi. Mwongozaji alimwuliza mzee, kwa Kiswahili, ilikuwaje baada ya lile tangazo la Amin la Agosti 1972, Wahindi walipopewa siku 90. Mzee akasema: "Waliondoka. Tukabaki sisi na vumbi. Mwenye duka hakurudi. Hakurudi mtu." Akanyamaza, akatazama barabarani. Mwongozaji akahesabu moyoni, akasema "Basi, tumemaliza!" Tukapiga makofi, tukakumbatiana, wengine wakaanza kukunja stendi na kutoa betri.

Mimi nilikuwa nakunja kebo, hedifoni bado masikioni, na maiki ndogo bado imebanwa kwenye ukosi wa shati la mzee. Rafiki yake, fundi viatu anayekaa nguzo ya pili, akamwuliza kwa Kisoga: "Mbona umewaambia hakurudi?" Naye akamjibu kwa Kisoga. Kwamba mwenye duka alipoondoka alimwachia cherehani mbili, akamwambia azitunze. Kwamba moja waliila wakati wa magendo, sukari na chumvi vilipoadimika, na ya pili ilimzika mtoto wake. Kwamba miaka ile Wahindi walipoanza kurudishiwa nyumba zao, yule bwana alikuja, akasimama pale barazani akamwulizia kwa jina, mara tatu. "Nilikuwa kwa fundi saa, nyuma ya mlango. Nilimwona kisogo tu. Nikangoja aende." Kisha akacheka, kicheko kikavu. Yote hayo ni dakika tatu na sekunde kumi, na mashine yangu imeyanasa yote.

Ningenyamaza yangeishia hapo. Lakini tulipokuwa tunarudi Kampala, taxi ikasimama Namawojjolo, kwenye soko la kandokando ya barabara, tukanunua kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, kila mtu ana furaha, mdomo wangu ukaniponza. Niliwatafsiria. Mwongozaji aliacha kula. Akasema, "Hiyo ndiyo filamu." Anataka tuiweke sauti ya Kisoga juu ya picha ya mlango uliofungwa, na maandishi chini. Mpiga kamera anamuunga mkono. Mhariri anasema mtakavyoamua. Mwongozaji anasema mzee alisaini karatasi ya ridhaa, na karatasi inasema "sauti na picha zote". Ni kweli aliweka dole gumba. Karatasi ni ya Kiingereza, na mjukuu alimtafsiria kwa sentensi moja hivi.

Tuna wiki tatu kabla ya kuwasilisha, na alama ni za kundi. Memori kadi ya sauti iko kwangu, hakuna mwenye nakala. Usiku nimeishika mkononi mara mbili. Nifute tu?

Pia tulimwahidi mzee picha yake, hatujampelekea. Anaiulizia kwa mjukuu.

Ni mimi,
Mwenye Hedifoni, Jinja

Shangazi anajibu

Mwanangu, usifute. Najua kwa nini unataka, na sikulaumu kwa kuishika hiyo kadi usiku. Lakini ukifuta peke yako utakuwa umemwamulia mzee kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa Namawojjolo, mbele ya gonja. Tena wenzako hawatakuamini tena, na kundi lenye wiki tatu halina muda wa kutoaminiana. Zile dakika tatu zihamishie kwenye kadi ya peke yake, iandike tarehe, itie kwenye bahasha, waambie wote watatu iko wapi. Kazi nyingine yote ya siku zile ifanyieni nakala mbili leo hii, zilale nyumba mbili tofauti. Kusikia kwamba sauti ya filamu nzima iko kwenye kadi moja chini ya mto wako kumeninyima usingizi kuliko hilo la mzee.

Sasa tuje kwa mzee. Nyote mnazungumza juu ya maiki: ilikuwa wazi, ilikuwa imezimwa, alijua, hakujua. Mimi naona maiki si kitu. Tazama lugha. Kiswahili ndicho alichozungumza na mwenye duka miaka yote ile. Si cha Mhindi, si cha Msoga, ni lugha ya barazani: ya urefu wa suruali, bei ya kitambaa, na "kesho njoo uchukue". Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, wako watu Kampala walioguna kwamba ni lugha ya askari. Mafundi wa Main Street wangeweza kuwaeleza mengine. Kwa hiyo ninyi mlipomjia na Kiswahili, mzee aliwapa mambo ya dukani kwa lugha ya dukani. Rafiki yake alipomwuliza jambo la ndani, alihamia Kisoga. Pale alipobadili lugha alikuwa ameingia chumbani na kurudisha mlango, na hakujua kwamba miongoni mwenu kuna mtoto wa Msoga aliyesimama dirishani.

Hilo ndilo karatasi yenu haiwezi kulifunika, hata ingekuwa na dole kumi. Mimi si wakili, lakini Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaposema ridhaa, inasema ridhaa iliyotolewa kwa hiari na mtu aliyeelewa anachokubali. Dole gumba kwenye Kiingereza kilichotafsiriwa kwa sentensi moja, mwongozaji wako asilitegemee sana. Mkirudi, nendeni na karatasi nyingine, ya Kiswahili, fupi, isomwe yote kwa sauti.

Hata hivyo mwongozaji wako hajakosea kila kitu, usimfanye shetani. Ana jicho. Amesikia dakika tatu akajua zina uzito kuliko saa nane mlizorekodi. Na kuna mahali ningemwambia weka, tena bila kuomba. Kama aliyekuwa anaongea ni mmoja wa wale waliogawiwa maduka kwa barua ya mkubwa, wale tuliowaita mafutamingi, anawaambia ninyi alinunua kwa jasho lake halafu anamnong'oneza rafiki yake jinsi alivyogawiwa, ningesema mwacheni Uganda imsikie. Mtu aliyepewa mali ya umma ana deni la kuueleza umma. Fundi huyu alipewa nini? Cherehani mbili za kutunza, katika nchi ambayo kipande cha sabuni kilikuwa kinatafutwa kwa mlango wa nyuma. Sheria ya kurudisha mali za Wahindi ilitungwa 1982, na nyumba zenyewe zikarudishwa kwa wingi miaka ya 1990. Hesabu miaka. Cherehani gani ingengoja?

Lakini hapo pia ndipo mlipokwama, na katika barua yako umepaona ukapapita haraka. "Hakurudi mtu." Mnajua si kweli. Hilo mnalo kwenye kamera, kwa ruhusa yake, kwa mwanga mzuri, na kimya kile alichotazama barabarani. Mkiliacha lisimame kama historia ya nyumba hiyo, mtakuwa mmedanganya kwa mdomo wa mzee. Jinja wapo wanaokumbuka nani alirudi mwaka gani na kwa barua gani, watacheka ukumbini. Kwa hiyo kukaa kimya nako hakuwaokoi. Sentensi hiyo itoke, au mzee aiseme upya. Hamna njia ya tatu, ndiyo maana lazima mrudi Jinja.

Nikusimulie langu, kwa kifupi maana silipendi. Zamani nikifanya kazi redioni, enzi za kanda za rili na wembe wa kukatia, nilimrekodi mama mmoja juu ya reli na biashara ya stesheni. Tulipomaliza, nikiwa nafunga mkoba, kanda bado inazunguka, akanieleza habari ya mwanawe. Niliitangaza. Barua za pongezi zilikuja nyingi. Baada ya wiki mbili kondakta wa basi akaniletea salamu kutoka kwake, maneno mawili tu: "Mwambie nimesikia." Nilipita mjini kwake mara nyingi baada ya hapo. Nami, mwanangu, nilikuwa nateremka kituo cha mbele yake. Kwa hiyo habari ya kujificha nyuma ya mlango wa fundi saa naielewa.

Nendeni hivi. Si kundi zima. Wewe, kwa sababu sikio lilikuwa lako, na mwongozaji, kwa sababu uamuzi anautaka yeye. Kamera ibaki Kampala. Chukueni sukari kilo mbili, mkate, na sabuni, kama watu wanaokwenda kumwona mzee, siyo kama watu wanaokwenda kuomba kitu. Msimkute barazani ambako kila mpita njia anasimama. Mwulize mjukuu anarudi nyumbani saa ngapi, mfikeni nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Na mjukuu mwombe, kwa adabu, akaangalie boda yake nje. Huenda hili la mtoto aliyezikwa kwa cherehani halijui.

Kisha wewe uongee Kisoga. Hilo ndilo gumu, na ndilo la kwanza. Sema: Mzee, mimi mama yangu ni Msoga, siku ile nilisikia, na mashine ilisikia. Niliwaambia wenzangu kabla ya kukuuliza, nimekosa. Usimalizie na "lakini". Ngoja. Atanyamaza muda mrefu kuliko alivyonyamaza kwenye kamera, wala usijaze kimya hicho. Halafu mpe hedifoni asikilize mwenyewe, zote dakika tatu na sekunde kumi. Hedifoni, si spika ya simu. Wazee wengi hawajawahi kusikia sauti zao hivyo, karibu masikioni. Anaweza kukasirika. Anaweza kucheka. Anaweza kukwambia mwenye duka alikuwa na mke aliyekuwa akiwaletea mafundi chai saa nne, na jioni ikaishia hapo.

Akikataa, toa kadi kwenye bahasha umpe mkononi. Kama mashine iko hapo futeni mbele yake, kisha mpeni kadi tupu akiitaka. Na "hakurudi mtu" itoke kwenye filamu palepale, bila kumbembeleza. Mtabaki na nini? Mtabaki na vile vishimo vinane. Mpiga kamera wenu alilala kifudifudi kwa ajili yake bila kujua alichokuwa anapiga. Cherehani mbili zilikaa hapa, sasa hazipo. Wekeni picha hiyo sekunde 15, na sauti ya barabara tu. Atakayejua atajua. Mimi ningeitazama filamu hiyo.

Akikubali, msiitumie ile sauti ya kwanza hata kwa idhini yake. Mwongozaji atapinga, atasema ile ya kwanza ina ukweli ambao mtu hawezi kuurudia. Ni kweli, ya pili itakuwa na kigugumizi, ataruka mambo, pengine hatalitaja la mtoto. Basi. Mwacheni achague lugha, na akichagua Kisoga, wewe ndiye utakayeuliza maswali na mwongozaji ashike kebo. Jina la mwenye duka msilitaje kama yeye hakulitaja, maana hiyo familia nayo haijaulizwa.

Kuhusu alama: mweleze msimamizi wenu kabla, si baada. Mwambie mlimaliza kurekodi, mkagundua hamjamaliza, na mnahitaji siku mbili. Ukurasa mmoja unaoeleza jambo hili, ukiambatanishwa na filamu, mhadhiri mwenye akili atausoma mara mbili. Mwenye kukataa naye yupo, mtafanyaje.

Mkiwa Jinja kwa ajili hiyo, malizieni na nyumba. Umeandika vizuri kuhusu herufi zinazosomeka jua likiwa la ubavu. Je, mmezipiga hivyo, au mlizipiga saa sita mchana kama kila mtu? Pigeni milango ikifunguliwa asubuhi na ikifungwa jioni, ghala la uani kama mpangaji wa sasa ataruhusu, na ngazi ya mbele mahali ilipolika kwa nyayo. Shirika la Cross-Cultural Foundation of Uganda limefanya kazi ya kuorodhesha majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja, waulizeni kama nyumba yenu imo. Jinja imekuwa jiji tangu Julai 2020, na neno jiji likifika mahali, nyumba za ghorofa moja zenye kiwanja kizuri huanza kutazamwa kwa jicho jingine. Na wewe binafsi, kabla hujaondoka, rekodi baraza tupu kwa dakika moja, bila mtu kuzungumza. Najua hukufanya hivyo Jumamosi, mlikuwa mnakumbatiana. Mhariri ataihitaji chini ya kila picha.

Ile picha ya mzee ndiyo itangulie yote haya. Ichapishwe kwenye karatasi, ukubwa wa daftari. Msimtumie mjukuu kwa WhatsApp mkadhani mmetimiza ahadi. Na kwa kuwa macho yake yamekwisha, chagueni ile ambayo uso wake umepata mwanga mwingi, muulizeni anaitaka na fremu au bila.